Nani Kamchumbia Fausta?

Kasansa,
14 Novemba 2023

Mwanangu Fausta,

Salamu zangu zikufikie huko Mpanda ukiwa umekaa, usizisome umesimama. Mimi shangazi yako ni mzima, ni mgongo tu unaonisumbua nikiinama, nikisimama unanyamaza. Mama yako Josefina hajambo. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mvua ilinyesha siku moja ikatukimbia, kwa hiyo mbegu ya mpunga bado iko kwenye gunia. Kaka yangu, yaani baba yako, ni mzima wa mwili.

Nimesema wa mwili.

Fausta, umechumbiwa lini, na nani, na kwa nini tumesikia kwenye simu kama tangazo la msiba?

Jumamosi baba yako alipanda kile kichuguu cha nyuma ya zahanati, penye mtandao, akakupigia. Simu yako haikupatikana. Akapiga ile namba ya hotelini kwenu uliyotuachia. Akapokea mwanaume, sauti nzito, ya mtu aliyeshiba. Baba yako akamwambia, "Naomba kuongea na binti yangu Fausta." Yule mwanaume akajibu kwa Kiingereza, "Fausta is engaged." Mtandao ukakatika hapo hapo.

Unamjua baba yako. Kiingereza hana, lakini masikio anayo. Alishuka kichuguuni akilirudia lile neno njia nzima, ingeji, ingeji, ingeji, lisije likamdondoka, mpaka kwa Mwalimu Eustace. Huyu ni mstaafu aliyehamia jirani na mimi mwaka jana baada ya kufiwa na mkewe. Alifundisha Kiingereza sekondari maisha yake yote ya kazi. Mwalimu alivaa miwani kwanza, ingawa hakukuwa na kitu cha kusoma, halafu akasema, "Hongera, mzee Dionizi. Binti kachumbiwa."

Mama yako alipiga vigelegele, akawaambia wanawake wa jumuiya kabla ugali haujaiva. Baba yako hakupiga kitu. Anauliza ni nani aliyebisha hodi kwake. Mshenga yuko wapi? Wazee wa upande wa pili wako wapi? Amesema kichuguu hapandi tena, na kwamba binti anayejiozesha mwenyewe ajipigie simu mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu pale kichuguuni ukisema neno linasikiwa na foleni nzima. Barua nampa kondakta wa basi. Jibu upesi, maana ndugu yangu akinyamaza huwa ananyamaza kweli.

Shangazi yako,
Kasilda


Shanwe, Mpanda,
26 Novemba 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi sijambo, kazi ya mapokezi inaendelea, na chumba nilichopanga hapa Shanwe hakivuji tena. Hongereni kwa mapacha.

Shangazi, sijachumbiwa. Sijachumbiwa na mtu wa Mpanda, wala wa Sumbawanga, wala wa mahali popote. Mwambie Baba hivyo kabla hujamaliza kusoma.

Aliyepokea simu ni Audace, dereva anayewapeleka wageni hifadhini kutazama viboko. Meneja wetu, Bi Shadia, ameweka sheria kwamba simu ya mapokezi inajibiwa kwa Kiingereza hata kama anayepiga ni mama yake mzazi. Siku hiyo pazia la chumba namba nne lilikuwa limedondoka. Mimi nimesimama juu ya stuli, nimeshika bomba la pazia kwa mikono miwili, misumari iko mdomoni. Audace alitaka kusema nina shughuli, mpigaji apige baadaye. Kwa Kiingereza mtu mwenye shughuli naye anaitwa engaged. Simu inayotumika ni engaged. Ni neno moja lenye kazi nyingi, na Mwalimu Eustace amechukua kazi moja akaziacha nyingine. Kama anaona tabu, atumie ndugu za lile neno, yaani busy, au occupied. Amwambie Baba nilikuwa occupied, yaishe.

Audace amesikitika sana. Tangu nilipomweleza balaa alilolileta anaomba radhi kila asubuhi. Nimemwambia inatosha. Jana ameomba radhi kwa chapati.

Msalimie Mama, awarudie wanawake wa jumuiya awaambie ilikuwa pazia.

Mwanao,
Fausta


Kasansa,
10 Desemba 2023

Mwanangu Fausta,

Mvua sasa imekuja kweli, tumesia mbegu. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, aliyebaki anaruka kwa niaba ya wote wawili. Mama yako anakohoa lakini anaimba.

Barua yako nimeipata, na ningekuwa na uwezo ningeirudisha.

Nilikwenda nayo kwa Mwalimu Eustace. Mwanzoni alichukia. "Mama Kasilda," akaniambia, "mimi lile neno nimelifundisha miaka." Nikamwambia, na mimi nimekaa hapa, lete kamusi. Akaileta. Haina jalada, na herufi A yote imeliwa na mchwa. Tulikaa barazani tukitafuta, yeye akisoma kwa kidole, mpaka kidole kikasimama, akasema, "Binti ana haki." Ni mwanaume anayeweza kusema hivyo. Nikaona mambo yamekwisha, tukaongozana kwa kaka.

Mwalimu akaanza vizuri. "Mzee Dionizi, nilikosea. Fausta hajachumbiwa. Alikuwa occupied."

"Ndiyo nini hiyo?"

Mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, akatoa mfano. "Ni kama nchi ikivamiwa na majeshi, yakaikalia."

Mama yako alipiga yowe lililosikika zahanati. Baba yako alikuwa tayari anatafuta viatu. "Nani kamkalia mwanangu?"

Mwalimu akaona arekebishe. Akasema basi, tuseme alikuwa committed, yaani amejitoa kwa moyo wote kwenye kazi. Afadhali angenyamaza. Baba yako akasimama. "Hilo nililisikia kule Mpanda mahakamani nilipokwenda kuwa shahidi. Mshtakiwa alikuwa nalo. Alipata miaka saba."

Kwa hiyo sasa, mwanangu, hapa nyumbani umechumbiwa, umevamiwa na majeshi, na una kesi. Nikauliza mbele yao, na wewe nakuuliza: kwa nini huyo kijana hakusema bize? Bize tunaijua. Hata kuku wa Kasansa anaijua bize.

Baba yako ameamua kushika lile la kwanza. Anasema haya mengine tumeyatunga mimi na Mwalimu ili kukuficha.

Mwalimu ameona aibu sana. Nimekwenda kwake mara kadhaa kumtuliza, na mboga nimempelekea, maana anaishi peke yake na hali chakula vizuri. Ni kwa ajili yako tu.

Huyo Audace, chapati anapikiwa na nani? Nauliza tu.

Shangazi yako,
Kasilda


Shanwe, Mpanda,
7 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwenu wote. Poleni kwa mbuzi na kwa kikohozi cha Mama. Nilitamani kuja Krismasi, ila wageni walijaa na Bi Shadia hakunipa ruhusa. Nilipata siku moja tu, nikaenda Katumba kutembea. Nilipata lifti.

Katumba kuna watu wakarimu sana. Kuna mama mmoja pale alinipa kuku mzima nirudi naye, na mimi nilikuwa napita tu.

Nimempigia Baba mara nyingi, simu imezimwa. Shangazi, inaniuma. Mwambie sina kosa. Mwambie hata kama hataki kuongea, apande tu kichuguu nimsikie akikohoa.

Kuhusu uliloniuliza, chapati za hapa Mpanda ni nzuri kwa ujumla.

Na wewe umeandika kwamba unakwenda kumtuliza Mwalimu Eustace. Bado tu hajatulia?

Mwanao,
Fausta


Kasansa,
20 Februari 2024

Mwanangu Fausta,

Barua yako ya Januari nimeipata wiki iliyopita. Basi lilikwama kwenye tope, kondakta akaiweka chini ya kiti ikalowa. Nimeianika juani pamoja na dagaa. Mstari mmoja wa mwisho umefutika, ule ulioniuliza habari za Mwalimu, kwa hiyo sitaweza kuujibu.

La kuku limesomeka vizuri. Fausta, mama wa watu hampi mpita njia kuku mzima.

Huku mpunga umesimama vizuri, palizi ndiyo inatuua. Mama yako amepona. Nilimfikishia baba yako yale ya kukohoa. Alitazama pembeni kwa muda mrefu, akasema vumbi limeingia jichoni. Mvua ilikuwa inanyesha, vumbi lilitoka wapi sijui.

Sasa sikiliza haraka. Leo alfajiri ameondoka kuja huko. Amesema anakwenda kununua mbolea, lakini koti lake la harusi halipo kwenye msumari, na mbolea hainunuliwi kwa koti. Kabla ya hapo alikaa kwa Mwalimu akamwomba amwandikie lile neno kwa herufi kubwa. Amelitazama siku mbili hizi mpaka analijua sura kama mtu.

Namkimbizia kondakta barua hii iwahi basi linalofuata. Kama una la kumwambia, mwambie. Kama huna, pia mwambie. Na huyo Audace akae mbali na mapokezi.

Shangazi yako,
Kasilda


Shanwe, Mpanda,
25 Februari 2024

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika leo. Baba alikuja kabla yake, na ameshaondoka.

Alitokea mapokezi adhuhuri, koti limefungwa vifungo vyote, jasho linamtoka. Nilipiga goti. Aliitikia, akakaa, akanywa chai kimya huku anawatazama wanaume wote wanaopita, mmoja mmoja, hata Mzungu mmoja mzee mwenye fimbo. Baadaye akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha ukumbini.

Akakawia. Nikaogopa, nikamfuata. Nikamkuta amesimama mbele ya mlango wa choo, mikono nyuma, anasoma. Kitasa cha choo chetu ni kile cha kuzungusha: ukijifungia ndani, nje linatokea neno kwa rangi nyekundu. Unalijua neno lenyewe.

"Fausta," akaniambia kwa sauti ya chini, "na hiki choo kimechumbiwa?"

Shangazi, nilijizuia kucheka mpaka machozi yakanitoka. "Hapana Baba. Maana yake kina mtu."

"Kina mtu."

"Ndiyo. Mtu yuko ndani. Akitoka, neno linabadilika."

Akafikiri. Akaligusa lile neno kwa kidole. "Kwa hiyo kijana wa simu hakuwa na nia mbaya."

"Hakuwa nayo, Baba. Nilikuwa nimeshika pazia."

"Sawa. Nimeelewa." Nikashusha pumzi. Ndipo akanigeukia. "Choo kina mtu. Na wewe je, una mtu?"

Hapo mlango ukafunguka, akatoka Audace.

Mikono inachuruzika maji. "Shikamoo, mzee," akasema, kwa ile sauti nzito. Baba akamtambua kwa sauti. Akamtazama, akanitazama mimi, mimi natazama sakafu. "Kumbe huyu," Baba akasema. Halafu, "Nipisheni kwanza." Akaingia, akajifungia.

Tukabaki tumesimama mbele ya lile neno jekundu. Audace akaanza kuniomba radhi kwa kunong'ona. Mara Baba akaanza kuuliza kutokea ndani.

"Wewe kijana! Unatoka wapi?"

"Katumba, mzee."

"Unasali wapi?"

"Mkatoliki, mzee. Naimba kwaya, sauti ya besi."

"Hiyo nimeisikia. Wazazi wako wapo?"

"Wote wawili, mzee."

"Wanaijua njia ya Kasansa?"

Nyuma yetu alikuwa amefika yule Mzungu wa fimbo, naye anasubiri zamu, na Bi Shadia nyuma yake. Audace akasogeza mdomo mlangoni. "Walikuwa wanaiulizia, mzee."

"Waambie hodi inabishwa mlangoni kwangu. Si kwenye simu."

Alipotoka alinawa, akamsalimia Bi Shadia kwa heshima zote, akaomba chai nyingine. Tulikaa hadi jioni tukiongea. Alinishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Mbolea kasahau.

Shangazi, Novemba nilikuandikia ukweli mtupu. Sikuwa na mtu. Ni kule kuomba radhi. Akija kuniomba radhi tunakaa, tukikaa tunaongea, na baadaye nikawa nasikiliza gari lake likirudi kutoka hifadhini. Siku moja alisahau kuniomba radhi, nikanuna mpaka jioni. Ndipo nikajijua. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Kelele zote zile za kukana, halafu tena!

Ule mstari uliolowa nauandika upya, na barua hii nimeifunga kwenye nailoni: Mwalimu Eustace bado hajatulia?

Mwanao,
Fausta


Kasansa,
12 Mei 2024

Mwanangu Fausta,

Usione kimya. Mpunga umeanza kukomaa, ndege hawatupi nafasi, na mimi nimekuwa shambani tangu asubuhi hadi jioni nikirusha mawe kama mtu aliyegombana na mbingu.

Wazee wa Audace walifika wiki iliyopita. Walikuja wazee watatu na yule mama wa kuku, ambaye nimempenda. Walibisha hodi. Baba yako aliwaacha wabishe mara ya pili, ili ajisikie. Mama yako alikuwa na vigelegele vyake vilivyokatishwa Novemba, akavitoa vyote kwa pamoja, mbuzi wakakimbia. Mazungumzo yalikwenda vizuri sana. Mzee mmoja wa kwao aliomba radhi kwa niaba ya kijana kuhusu simu. Naona ni ugonjwa wa ukoo. Ndoa itakuwa Agosti, tukishamaliza kuvuna.

Mwalimu Eustace naye alikuwepo kama mkalimani, ingawa wote waliongea Kiswahili.

Nilitaka kuandika zaidi lakini wino umeniishia.

Shangazi yako,
Kasilda


Shanwe, Mpanda,
26 Mei 2024

Shikamoo Shangazi,

Asante kwa habari, nimelia na kucheka. Bi Shadia amenipa ruhusa ya Agosti na ameniambia pazia la chumba namba nne nitaondoka nalo kama zawadi.

Ndani ya bahasha kuna kalamu mbili. Wino umejaa.

Mama alinipigia juzi kutoka kichuguuni, foleni nzima ikimsaidia kuongea. Ameniambia siku hizi unajifunza Kiingereza kila jioni, na kwamba mko herufi M. Shangazi, sisi ni damu moja. Mimi nilikuficha miezi miwili na nikaumbuka mlangoni kwa choo. Usingoje mpaka hapo.

Mwanao,
Fausta


Kasansa,
16 Juni 2024

Mwanangu Fausta,

Kalamu nimezipata. Huku ni mavuno, ghala limejaa mpaka mlangoni, na mgongo sasa unaniuma hata nikisimama. Mama yako anakushonea kitu ambacho nimekatazwa kukisema.

Haya. Jumapili baada ya misa Mwalimu Eustace alifika kwa kaka yangu, amevaa suti, joto lote lile. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko napepeta mchele. Akasalimia. Akasifu mpunga. Akasifu ghala. Akaishiwa vya kusifu, na kwa woga akaanza kuongea Kiingereza.

Baba yako akamkatisha. "Mwalimu, hayo maneno yenu yameshanipandisha basi mara moja. Sema kwa Kiswahili."

Mwalimu akasema, "Nimekuja kumwomba dada yako."

Halafu nikamsikia Dionizi anacheka, kicheko kile cha utoto wetu, nilidhani kilikufa na baba yetu. "Mchukue," akasema. "Lakini ujue ni mbishi."

Hapo nikatoka na ungo mkononi. Nikawauliza wote wawili, mchukue nani? Mmeniuliza mimi?

Mwalimu akasimama, akanigeukia. Akasema amechoka kula peke yake. Nikamwambia kama ni chakula atafute mpishi, Kasansa wapo. Baba yako akajifanya anafunga kamba za viatu. Mwalimu akafikiri, akasema, "Chakula nakipata, Kasilda. Ila nikicheka sina wa kumweleza nimecheka nini."

Fausta, marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hakuwa mtu wa kucheka. Nimekaa kwenye ile nyumba nikiwa mke, halafu mjane, na sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo ambalo mwanaume anaweza kuja kuliomba mlangoni. Niliweka ungo chini. Kuku wakaula mchele wote na hakuna aliyewafukuza.

Padre yuko tayari kututangaza pamoja na nyie. Nimekataa. Yenu itangazwe kwanza, ni nyie mlioleta maneno. Yetu itafuata Septemba, bila kelele, ingawa mama yako hilo la bila kelele hajaliahidi.

Mwalimu anakusalimu. Yuko hapa pembeni yangu, anasoma ninavyoandika, na ameshanisahihisha mara mbili. Nimemwambia barua ni yangu.

Amenyamaza. Naona atafaa.

Shangazi yako,
Kasilda